Makopa kwenye Kamera ya Dobi

Wiki nzima tumemwacha Mkasi amesimama mbele ya televisheni ya dobi, rimoti mkononi, wafanyakazi kumi na wawili nyuma yake wakisubiri. Maskini wa Mungu, miguu imemfa ganzi. Haya, tumwache abonyeze.

Akabonyeza.

Kiduara kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka, kikachoka. Kioo kikawa cheusi, na maandishi meupe yakatokea katikati: FAILI HILI HALIFUNGUKI.

"Ndiyo ushahidi wenyewe huo?" akauliza Dobi Mkuu.

"Subiri kidogo, mzee." Mkasi akabonyeza tena. Televisheni ikarudia yaleyale.

Kama wewe ni mgeni hapa, usijali, karibu, mkasa ni mfupi. Suti ya Mwalimu imeungua. Mwalimu ni mstaafu, mjane, ana miaka sitini na minane, na Jumamosi hii anaoa. Anayemwoa ni Mkunga, naye mstaafu, mwanamke aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa ule. Suti yenyewe ni ya sufi, ya kijivu, na Mkunga ndiye aliyemshoneshea. Juzi ikakutwa juu ya meza ya pili ya kupigia pasi, ina alama nyeusi mgongoni, umbo la pasi zima zima mpaka ncha.

Na meza ya pili ni ya Mama Pasi, mama yake mzazi Mkasi.

Mama Pasi ana miaka kumi na tisa kwenye meza ile. Hajawahi kuunguza hata leso. Anasema aliiacha suti nzima, imetundikwa, akatoka kupokea mashuka ya hoteli mlango wa nyuma, wenzake wakiwa chai, na daftari la mashuka linamuunga mkono: saa nne na dakika kumi, sahihi yake na ya dereva. Dobi Mkuu, mwenye duka, anasema daftari si hoja. Mtu anaweza kuunguza kwanza, kisha akaenda kupokea mashuka uso mkavu.

Ndipo Mkasi, anayehariri video za harusi kwenye chumba chake mtaa wa pili, alipojipiga kifua. Kamera ya ulinzi ipo, picha zimenakiliwa kwenye flashi, tatizo nini? "Mama," alisema, "hiyo kazi ya dakika mbili."

Sasa dakika mbili zimekwisha.

Dobi Mkuu alishika sikio lake la kushoto akalivuta taratibu. Ndiyo kawaida yake akitaka kukata shauri, na wafanyakazi wakiona sikio limeshikwa huwa wanatafuta kazi ya kufanya.

"Mwalimu anarudi saa saba mchana," akasema. "Nionyesheni suti nzima, na saa ya kamera pembeni inayosoma saa nne na dakika kumi au zaidi. Nikiona, nitaomba radhi mimi. Nisipoona, Mama Pasi atamwomba radhi Mwalimu mbele ya watu wote hawa, ataweka pasi mezani, ataenda kupumzika nyumbani."

"Kupumzika mpaka lini?" akauliza Mkasi.

"Mpaka apumzike kabisa."

Walipofika barabarani, Mama Pasi akamgeukia mwanawe.

"Dakika mbili," akasema.

"Mama..."

"Nasema tu mwanangu. Dakika mbili."

Ilikuwa saa nne na robo. Chumba cha Mkasi kina upana wa vitanda viwili, pazia jekundu, kompyuta ya mezani inayonguruma, na ukutani picha za maharusi waliokwisha sahau kurudi kuzichukua. Mama akakaa kwenye kiti cha maharusi, mkoba mapajani. Chini ya kitenge bado alikuwa amevaa aproni ya kazini. Hakutaka kuivua, alisema akiivua leo huenda asiivae tena.

Mkasi akavuta kiti chake. Akachomeka flashi.

Akaanza na lile ambalo kila fundi huanza nalo na hakuna anayekiri: akabadilisha mkia wa jina la faili. Akafuta herufi tatu za ajabu, akaweka zile ambazo kila televisheni inazijua. Programu yake ya kuhariri ikalipokea faili, ikalinusa, ikalitema.

"Umefanyaje?" Mama akauliza.

"Nimelipa jina lingine."

"Ukimwita paka kuku, atataga?"

Mkasi akajifanya hakusikia. Akachukua programu nyingine, ile ya kugeuza faili za aina moja kuwa za aina nyingine. Hii ikakubali. Mstari wa kijani ukajaa, na picha zikatokea kwenye kioo. Duka la dobi hilo hapo, meza ya pili hiyo hapo. Ila watu walikuwa wanakimbia kama siafu waliomwagiwa maji.

"Yule nani anahangaika hivyo?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi?" Mama akasogeza kiti. Mle kwenye picha alikuwa amepiga pasi mashati saba ndani ya dakika moja. "Na bado wanasema nimezeeka."

Kumbe kamera ile, ili isijaze nafasi mapema, hupiga picha sita tu kwa sekunde. Programu ya Mkasi imezoea harusi, huko picha ni ishirini na tano. Ikazishika zile sita ikazimaliza mbio. Mkasi akaipunguza kasi, watu wakaanza kutembea kibinadamu. Mama akaonekana anatundika suti, nzima, safi, anatoka. Mtu akatokea mlangoni. Mara picha ikachanika vipande vya mraba, kijani na zambarau, ikasimama.

"Nani yule?" Mama akauliza.

"Sijui. Limegoma." Mkasi alikuwa ameanza kutokwa jasho. Kisha akaona jingine, baya zaidi. "Mama, saa haipo."

"Saa ipi?"

"Ya kamera. Pale kona ya juu panatakiwa pawe na saa."

Pale kona ya juu palikuwa na ukuta mtupu. Bila saa, picha ile ingeweza kuwa ya juzi, au ya mwezi uliopita.

Akampigia simu Fundi Kamera, yule aliyezifunga kamera za dobi. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu.

"Saa haijachorwa kwenye picha," Fundi Kamera akasema. "Inakaa pembeni, ndani ya faili. Ukiligeuza kienyeji, unaiacha njiani. Kamera zile zina lugha yao, lazima ufungue na programu yao wenyewe. Nilikuwekea kwenye flashi ileile."

Mkasi akajikuna kisogo.

"Umeiona?" akauliza Fundi Kamera.

"Niliifuta."

"Uliifuta?"

Hapa, msomaji, tusimhukumu haraka. Wateja wa Mkasi humletea flashi zilizopita kila kompyuta ya mjini, zina magonjwa yote. Amejizoesha, kabla hajagusa chochote, kufuta kila kisicho picha. Jana usiku alipopokea flashi ya dobi alikuta kitu kigeni chenye jina la kigeni, akakifuta kwa kidole kimoja huku anakula. Na alijisifu.

"Nilidhani kirusi," akasema.

Fundi Kamera akacheka mpaka akakohoa. "Ninayo nyingine mfukoni. Nipo juu ya tangi la maji, nyuma ya kituo cha mafuta. Njoo uichukue."

"Si ushuke kidogo tu?"

"Nimeshika kamera kwa mikono miwili, gundi haijakauka. Nikiachia, inaanguka."

Saa tano na nusu mtu na mamaye walikuwa chini ya ngazi ya chuma. Ilikuwa ndefu. Mkasi akashika vyuma viwili, akapanda hatua tatu, akaangalia chini, akashuka hatua tatu.

"Unaogopa?" Mama akauliza.

"Naitafakari."

"Shika mkoba wangu."

Kabla hajafungua mdomo, Mama Pasi alikuwa amejifunga kitenge kiunoni na yuko juu. Miaka kumi na tisa ya kusimama kutwa nzima humpa mtu miguu. Watu wa kituo cha mafuta wakaacha kazi, wakatazama. Mkasi alikumbatia ngazi chini akisali kwa kila dini anayoijua.

Huko juu zikasikika salamu ndefu, habari za watoto, habari za kazi, hata habari za mgongo. Kisha: "Mfuko upi, baba?" "Wa nyuma, Mama, samahani." Mama akashuka na flashi meno yameibana.

"Kijana mzuri," akasema. "Hajaoa."

"Mama, saa sita kasoro."

Wakarudi mbio. Programu ya kamera ikafunguka, sura yake mbaya, vitufe vidogo, lakini ilipolipata lile faili ikalifungua bila ubishi. Na kule kona ya juu, tarakimu nyeupe: tarehe ya juzi, saa, dakika, sekunde zinatembea. Mkasi aliinama akabusu kioo. Mama akafuta kile kioo kwa ncha ya kitenge, maana kilipata alama ya mdomo.

"Tazama basi ni nani aliyeingia," Mama akasema.

"Hatuna muda. Ikicheza tunachelewa. Ngoja niitoe kwanza."

Akaitoa, saa ikiwa imebanwa juu ya picha. Lakini sasa likazuka la mwisho. Televisheni ya dobi ni ya zamani, nayo faili lile jipya isingelijua hata kidogo. Televisheni zile za zamani zinakula aina moja tu ya faili, na bahati njema Mkasi alikuwa na mpangilio wake tayari, uliohifadhiwa, alioutumia kwenye harusi mia tatu bila televisheni hata moja kulalamika. Ulikuwa unaitwa HARUSI, TIVI ZOTE. Akatumbukiza video ndani, akabonyeza, akasubiri mstari ujae huku anajipepea.

Ulijaa saa saba kasoro dakika sita. Wakatoka mbio.

Wafanyakazi wote walikuwa wamekusanyika. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima, kiti kimesukumwa mpaka mgongo wa Mwalimu ukagusa ukuta. Mama akamwamkia, naye akaitikia akiangalia sakafu. Pasi ya meza ya pili ilikuwa imewekwa katikati ya meza, imezimwa, waya umezungushwa vizuri.

Mkasi akachomeka flashi, akabonyeza.

Kioo kikawaka. Maandishi ya dhahabu yakashuka kutoka juu yakimetameta: SIKU TULIYOISUBIRI.

Kinanda kikaanza.

Mkasi akajipiga paji la uso. Mpangilio ule wa harusi ulikuwa na mambo yake mengine, na kwa haraka yake aliyasahau yote. Duka la dobi likatokea, limezungukwa na fremu ya maua, na makopa mekundu ya mapenzi yakaanza kuelea kutoka chini kwenda juu. Mama Pasi alikuwa anapiga pasi, na kila mvuke ukipanda, kopa linapanda nao.

Mtu mmoja akacheka nyuma. Kisha wote wakacheka.

"Huu ni mchezo gani?" Dobi Mkuu akafoka.

"Mzee, usiangalie makopa," Mkasi akasema. "Angalia saa."

Saa ilikuwepo. Ilipita dakika ya nane, ya tisa. Mama wa kwenye picha akaitundika suti, akaigeuza, akaupangusa mgongo wake kwa kiganja. Mgongo ulikuwa safi. Akatoka.

"Simamisha," akasema Mama Pasi.

Mkasi akasimamisha. Saa nne na dakika kumi, suti nzima, kopa dogo juu ya kola.

Dobi Mkuu akalifungua daftari la mashuka, akalisoma, akatazama televisheni, akalisoma tena. Akalifunga.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kusema. "Basi, yamekwisha," akasema haraka. "Mama Pasi hana kosa. Nimesamehe, suti ni nguo tu. Zima, tukapumzike."

"Umemsamehe nani, Mwalimu?" Mama akauliza.

"Wote."

"Mimi sijakosa. Mwanangu, endelea."

Picha ikaendelea. Dakika ya kumi na tatu mtu akaingia kwa mlango wa mbele, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Na hapo mpangilio wa harusi, unaojua kwamba katikati ya video ndipo bwana na bibi harusi hukutana, ukapunguza mwendo, kinanda kikalia kwa huzuni, na kopa moja kubwa kuliko yote likatokea likakaa juu ya kichwa cha yule mtu.

"Liondoe," Dobi Mkuu akasema.

"Haliondoki, mzee. Limeshaungana na picha."

Mtu mwenye kichwa cha kopa akaishusha suti. Akapapasa mfuko wa nje, wa ndani, wa nje tena, polepole, kama mtu aliye ndani ya maji. Hakupata kitu. Akasimama. Akailaza suti mezani kifudifudi, akachukua pasi, akaiweka katikati ya mgongo, akainua mkono na kutazama saa yake. Akangoja. Moshi ukapanda pamoja na makopa. Akaondoa pasi, akairudisha mahali pake kwa adabu, akageuka kwenda zake.

"Makusudi," akanong'ona mtu.

"Lakini hatumjui ni nani," akasema Mwalimu. Alikuwa ameshika sikio lake.

"Sihitaji kichwa," Mama Pasi akasema. "Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Tazameni mgongo wa shati."

Kamera ya dobi ipo juu, nyuma ya meza. Mgongo wa shati ulijaa kioo chote, na juu ya mgongo ule ilishuka mikunjo mitatu, mmoja katikati na miwili pembeni, imenyooka kama mistari ya daftari.

"Miaka kumi na tisa nimepiga pasi hapa," Mama akasema. "Watu wote hutaka mkunjo kwenye mkono. Mteja mmoja tu anataka mitatu mgongoni, na hakubali shati lake liguswe na pasi ya mtu mwingine. Mwalimu, kwa heshima zote, naomba usimame ugeuke."

Mwalimu akajibana zaidi ukutani. "Nimewageuza watoto wa watu darasani miaka arobaini. Sigeuzwi na mtu."

"Geuka."

Sauti ilitoka mlangoni. Mkunga alikuwa amesimama pale, boksi la viatu vipya kwapani.

"Umefika saa ngapi?" Mwalimu akauliza.

"Makopa yalipoanza. Nilidhani ni mazoezi ya video yetu. Geuka."

Mwanamke yule ameamuru watu wageuke maisha yake yote, wakiwa na maumivu makubwa kuliko ya Mwalimu. Mwalimu akasimama. Akageuka. Mikunjo mitatu.

Mama Pasi akaishika pasi yake, akaikumbatia, na machozi yakamtoka hadharani bila kuyaficha. Mkasi naye yakamtoka. Dobi Mkuu akasogea, akasema mbele ya wote, "Mama, nimekukosea, nisamehe." Mama akaitikia kwa kichwa.

Mkunga alikuwa hajamaliza. "Ulitazama saa," akamwambia mchumba wake. "Mimi nimewahesabia watu dakika miaka thelathini, namjua anayehesabu. Kama hunitaki ungesema, suti ina kosa gani?"

"Nakutaka," Mwalimu akasema. "Nakutaka sana. Nilikuandikia barua, kuna jambo ulipaswa kulijua kwanza. Niliitia mfuko wa ndani siku ya kujaribu suti, nikakosa moyo wa kukupa, suti ikaletwa huku nayo. Nilikuja kuitafuta, haipo. Nikaona heri suti iungue, Jumamosi isogee mpaka niipate."

"Ukamwachia mzigo Mama Pasi?"

Sasa, kila apigaye pasi anajua sheria ya kwanza ya kazi: kabla nguo haijalala mezani, mifuko inapekuliwa. Mama Pasi akafuta macho, akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa bahasha nyeupe iliyofungwa.

"Nilikuwa namngoja mwenyewe nimkabidhi," akasema. "Mara nikaitwa mharibifu wa kazi yangu mwenyewe, nikaisahau. Imeandikwa kwa Mkunga."

Mwalimu akanyoosha mkono. Mkunga akanyoosha wake.

"Kwanza radhi yangu," Mama Pasi akasema.

Mwalimu akainamisha kichwa. "Nimekukosea, Mama. Uliniheshimu miaka yote hii, mimi nikakuacha usimangwe. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Mama akasema, na barua akampa Mkunga.

Mkunga akachana bahasha. Akasoma kimya, akarudia, akatazama juu. Kisha akasoma kwa sauti.

"'Mpenzi, kabla hatujaoana, ujue nina mtoto. Mwenyewe hajui. Ni mtu mzima sasa, ana duka, na kila wiki nampelekea mashati ili nimwone.'"

Kinanda kilikuwa kimeanza upya kwenye televisheni, na hakuna aliyekumbuka kukizima.

"Baba yangu alikufa nikiwa tumboni," Dobi Mkuu akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Mama aliniambia hivyo."

Akashika sikio lake la kushoto, akalivuta taratibu. Mama Pasi akamtazama, kisha akamtazama Mwalimu. Mwalimu naye alikuwa ameshika la kwake, la kushoto.